Nani angeipa Ifakara ruzuku?

Wanaotaka ruzuku za utafiti zitolewe kwa ushindani mtupu, bila fungu la kutengewa mikoa, wana hoja. Fedha ni chache: nchi za Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, nasi hatujafika huko. Mfuko wa COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, ukitawanywa mikoa yote, kila mmoja atapata cha kuanzia na hakuna atakayepata cha kumalizia.

Hupenda pia kuitaja Marekani. Mpango wa EPSCoR, unaosaidia majimbo yaliyo nyuma kiutafiti, ulianza kutoa fedha mwaka 1980 kwa majimbo 5. Leo wanufaika wamepita 25. Dawa gani hii, wanauliza, ambayo baada ya miaka 40 wagonjwa wamezidi?

Nadhani hesabu hiyo inasomwa vibaya. Jimbo huingia kwa kupata chini ya asilimia 0.75 ya fedha za Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani. Hicho ni kipimo cha mgawo, hakisemi lolote kuhusu uwezo. Montana ikikua maradufu na California nayo ikakua maradufu, mgawo wa Montana unabaki palepale. California, New York na Massachusetts zikichota fungu kubwa, wengi watabaki chini ya mstari hata kama maabara zao leo ni bora mara kumi kuliko mwaka 1980. Swali la maana ni kama watafiti wao wanabaki na kama kazi zao zinatumika.

Hapa kwetu jibu lipo. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, umetafitiwa katika kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, penye mikorosho na wakulima wenyewe. Taasisi ya Afya ya Ifakara, mkoani Morogoro, ilianza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi. Andiko lake la kuomba ruzuku wakati huo lisingemshinda yeyote. Kuna aliyekubali kuilipia kabla haijaweza kushindana, na leo inashindania fedha za malaria na vituo vikubwa duniani.

Hofu yangu ni majengo. Mradi wa HEET wa kuimarisha elimu ya juu, dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia, unapeleka kampasi za vyuo vikuu hadi Lindi, Kagera na Kigoma, na hilo ni jema. Lakini maabara isiyo na fundi sanifu wala bajeti ya vitendanishi, yaani kemikali za vipimo, haitafiti chochote. Fungu la mikoani litengwe, tena kwa miaka kumi, na mishahara na vitendanishi vihesabiwe kabla ya matofali.