Amani hupandwa kwa miguu, na mhesi ujulikane

Wageni wengi wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, kule Usambara Mashariki, hupitiliza na gari hadi juu, wakapiga picha kwenye mashamba ya chai, wakazunguka saa moja jirani na nyumba za kulala, kisha wakarudi Muheza wakisema msitu wameuona. Bado. Msitu huu unaolishwa na mvua za Bahari ya Hindi husomeka kuanzia chini, Zigi, na msomaji wake lazima aujue mti mmoja: mhesi. Asiyeujua atasifia kisichostahili na kupita kando ya kinachostahili.

Kibali hulipiwa getini Zigi, penye jengo la zamani la stesheni ya reli ya Wajerumani, na hapohapo ndipo pa kumpata mwongoza wageni. Toka hapo hadi Amani ni kilomita zipatazo 10, unaanzia mita 450 hivi kutoka usawa wa bahari na kumalizia 900 na ushei. Anza saa moja asubuhi, utenge saa nne au tano. Mlima wenyewe si mkali kihivyo. Muda unaliwa na kusimama na kutazama, na ndilo lililokuleta.

Udongo ni mfinyanzi mwekundu. Ukilowa unateleza kama sabuni, na raba zisizo na meno zitakuangusha kwenye mteremko wa kwanza. Suruali ichomekwe ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Ukiwakuta wamekatiza njia, vuka mbio, ujikague mbele. Anayesimama kuwashangaa ndiye anayevua suruali mbele za watu. Gogo lililolala njiani usiliruke: kanyaga juu yake, tazama upande wa pili, ndipo ushuke. Kuna nyoka jamii ya kifutu ambaye rangi za mgongo wake na majani makavu huwezi kuzitenganisha. Masika, Machi hadi Mei, waachie wenyeji. Januari na Februari njia hukauka.

Sasa mhesi. Kitaalamu ni Maesopsis eminii, mti wa misitu ya Afrika ya Magharibi na Kati hadi upande wa Ziwa Victoria, kwa hiyo hapa ni mgeni. Wajerumani, walioanzisha kituo cha utafiti wa kilimo Amani mwaka 1902, waliuleta pamoja na mamia ya miti mingine ya majaribio. Iliyobaki shambani haina shida. Mhesi ulitoka. Matunda yake yakiiva huwa meusi kama zambarau ndogo, hondohondo wanayapenda, wanameza na kutema mbegu kilomita kadhaa mbali. Mbegu hizo zinahitaji mwanga, na mwanga ulipatikana: mashine za kupasua magogo zilifanya kazi humu hadi miaka ya 1980 na kuacha mapengo kila mahali.

Kuutambua ni rahisi. Shina limenyooka, gome la kijivu lenye mifereji ya kwenda juu. Jani linang'aa, na kingo zake zina meno madogo ya mviringo. Ukiona shina la namna hiyo kila hatua ishirini, hapo palikatwa, hata kama pana kivuli na ndege wanaimba. Linganisha na mahali penye mtambaa, mti mnene wenye mizizi iliyopanuka kama kuta, au msambu ulioning'iniza matunda marefu kama mapapai makubwa. Matunda ya msambu huanguka yenyewe. Panya buku huzifukia mbegu zake na kuzisahau baadhi, na hivyo ndivyo msambu unavyopandwa. Wanakijiji nao huziokota kwa ajili ya mafuta.

Wapo wanaotaka mihesi yote ikatwe kwa mkupuo. Mimi napinga. Ukiuangusha mti mkubwa unafungua pengo jingine, na wa kwanza kuota humo ni mhesi uleule. Heri kung'oa miche yake kwa mkono kila mwaka, na kuuacha mkubwa utie kivuli wakati misambu na mitambaa inapanda taratibu chini yake. Ni kazi ya miongo, najua, na haipendezi kwenye ripoti. Kilimo cha iliki humu msituni nacho kilitudanganya kama kivuli cha mhesi: miti mikubwa iliachwa ikasimama, miche ya chini ikafyekwa ipishe iliki, na kwa macho ya mpita njia msitu ulikuwa mzima.

Karibu na vijito, tafuta mwamba wenye kivuli na unyevu. Kiua cha zambarau chenye kitovu cha njano na majani yenye manyoya laini ni sentipolia, mzazi wa maua ya vyungu yanayouzwa dunia nzima. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani Tanga, alituma mimea hiyo kwao mwaka 1892, na jina likatokana naye. Mizizi yake imeshika tabaka la kuvu na vumbi lisilozidi unene wa kidole. Mti wa juu ukikatwa, jua hulichemsha jiwe na mmea hukauka. Usichume hata jani. Jani moja likizikwa huota mmea mpya, na wachumaji wanalijua hilo vizuri mno.

Lala Amani, ili usiku utoke na tochi. Mchana kinyonga haonekani, ila akilala hupauka na kung'aa kwenye mwanga, amejishika ncha ya kitawi. Dume lenye pembe tatu ni kinyonga wa Derema, aliyepewa jina la mahali pa humuhumu Usambara Mashariki. Wale wadogo wa rangi ya jani kavu hulala chini, usawa wa goti. Kwenye majani mapana utamkuta chura mdogo wa Usambara asiyetaga mayai: huzaa vitoto vilivyokamilika, bila kupitia hatua ya kiluwiluwi majini. Mulika kwa pembeni, sekunde chache tu, kisha sogea.