Gari la Posa Lilipata Kwikwi

Chanzo cha yote ni usafi. Mdogo wangu alikuwa anachumbia Kisarawe, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye gari katika ukoo, nikateuliwa dereva wa barua ya posa. Ijumaa jioni nikalipeleka kuoshwa. Kijana wa pale akaniuliza, "Bosi, na injini?" Hilo neno "bosi" lina sumu yake. Nikamwambia osha kila kitu. Akafungua boneti akaelekeza mpira wa presha humo ndani kama anazima moto.

Jumamosi asubuhi tukaondoka Tabata watu wanne. Mbele alikaa Mjomba, mshenga wetu, kanzu na koti, barua kaifunga kwenye kitambaa pamoja na fedha zake. Nyuma Shangazi na Mama Mdogo. Nikawasha. Gari langu limetoka Japani, na kila likiwaka kuna dada anasema maneno ya Kijapani humo kwenye dashibodi. Shangazi humjibu, "Ahsante mwanangu." Rafiki yangu mmoja aliyesoma kule alishanitafsiria: dada analalamika kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Shangazi sijamwambia, na sina mpango.

Mpaka Gongo la Mboto kulikuwa na mtikisiko kidogo, nikausingizia barabara. Tulipoanza kupanda Pugu, gari likashikwa na kwikwi. Nakanyaga mafuta, linashtuka, linaduwaa, linashtuka tena. Kofia ya Mjomba ikamshukia machoni. Na taa ya chekinjini, badala ya kuwaka na kutulia, ikawa inapepesa. Ikiwaka na kutulia bado una muda wa kujadiliana nayo. Ikipepesa, maana yake kuna silinda haichomi sawasawa, petroli mbichi inakimbilia kwenye ekzosi na kwenda kuungua kwenye masega, yaani kile kisafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi, na masega yakiyeyuka, bei yake utaisikia ukiwa umekaa.

Tukasimama kwenye gereji moja chini ya mwembe. Fundi akasikiliza bila kugusa kitu.

"Linamisi hili. Dawa yake tutoe masega, lipumue. Nakutolea bure."

Bure! Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Fundi anayekutolea masega bure ni sawa na mtu usiyemjua anayejitolea kukushikia pochi Kariakoo. Nikamshukuru. Lakini Shangazi alishasikia, akatoa kichwa dirishani: "Kumbe humu mna asali?"

"Ndiyo maana tunatikiswa, wifi," Mama Mdogo akasema. "Nyuki wameamka."

Tukafika Kisarawe kwa mwendo wa jeneza. Baba wa binti alikuwa amesimama kibarazani muda mrefu. "Karibuni," akasema. "Tulisikia mngurumo, tukadhani kuna mtu kaleta mashine ya kukoboa."

Mjomba hakushinda ushenga kwa bahati. "Mzee mwenzangu," akajibu, "huo ni moyo wa kijana wetu."

Kurudi sisimulii. Tulifika Magharibi imeshaadhiniwa.

Jumapili nikaamua kujitibia mwenyewe. Nina kidude cha kuchomeka chini ya usukani, kinazungumza na simu kwa bluetuthi. Kikanipa P0304. Ingekuwa P0300 ingemaanisha silinda zinamisi ovyo ovyo; hii tarakimu ya mwisho inataja mwenye kosa: silinda ya nne. Nikatabasamu kama hakimu. Kwenye gari langu kila silinda ina koili yake ya kuzalisha umeme wa cheche, imekaa juu ya plagi yake, imeshikwa na bolti moja ya spana namba 10. Kipimo hakina gharama: unahamisha koili kwa jirani, na kosa likihama nayo, umemkamata mwizi.

Nikabadilishana ya nne na ya tatu. Nikafuta kosa, nikawasha. Dada akadai kadi yake. Gari likatetemeka. P0304 palepale. Basi koili haina hatia, ni plagi. Nikatafuta duka lililo wazi Jumapili, nikanunua plagi nne, moja nikaifunga kwenye silinda ya nne. Nikawasha. P0304. Nikatangaza mbele ya Mjomba, aliyekuwa mkekani na kahawa yake, kwamba tatizo ni nozeli, ile inayonyunyizia petroli. Nilitamka "nozeli" kwa sauti nzito mpaka nikajiamini.

Akapita mtoto wa jirani, anajifunza ufundi gereji. "Shikamoo, anko."

"Marahaba."

Akachungulia. "Anko, silinda ya kwanza hapa ni ipi?"

Nikamwonyesha ya kulia kabisa. Akakohoa, kwa adabu. "Inahesabiwa kutoka upande wa cheni, anko. Huku kushoto."

Nimesoma madrasa miaka sita. Mkono wangu unajua kitabu kinaanzia kulia. Kumbe ya nne yangu ndiyo ya kwanza, na asubuhi nzima nilikuwa nawapasua wazima huku mgonjwa amelala kitanda kingine.

Kijana akafungua ile ya kulia. Koili ikatoka kwa sauti ya mguu unaochomolewa topeni. Shimo la plagi lilikuwa kisima. Mpira wa koili ulikuwa na ufa, maji ya kuoshea yakapenya, na cheche, badala ya kwenda kuruka kwenye ncha ya plagi, ikawa inakatisha njia kupitia maji mpaka kwenye chuma cha injini. Akapuliza kwa kompresa kabla ya kulegeza plagi, maji yasidondokee ndani ya silinda. Akafunga mojawapo ya plagi zangu mpya, na mpira mzima alioutoa kwenye koili chakavu.

Nikawasha. Kimya, nikadhani limezima. Kisha dada akasema yake.

"Ahsante mwanangu," Shangazi akajibu kutoka uani. "Na pole."

Jioni simu ya Mjomba ikalia. Akasikiliza sana, akaitikia sana, akakata.

"Barua imekubaliwa, Alhamdulillahi. Mahari tutazungumza."

"Na gari limepona, Mjomba. Bi harusi nitamchukua mwenyewe."

Mjomba akashusha kikombe. "Hilo nalo wamelizungumzia. Binti yao hapandi mashine ya kukoboa."