Rangi chotara: resini mbili zimeshikana au zimechanganyika tu?

Fundi anayepaka mitumbwi katika mwalo wa Kirumba, Mwanza, anazijua rangi za aina mbili: ya mafuta, inayong'aa na kushika ubao lakini ikihitaji tina yenye harufu ya kupasua kichwa, na ya maji, inayokauka upesi na ambayo brashi yake huoshwa kwa maji matupu. Lateksi chotara, yaani rangi ya maji yenye chembe ndogo za resini mbili, imekusudiwa kuziunganisha. Ndani ya chembe moja inayoelea majini, yenye upana wa nanomita mia moja hivi, hukaa alkidi, yaani resini (kiungo kinachogeuka utando rangi ikikauka) itokanayo na mafuta ya mimea kama soya, pamoja na akriliki, resini ya rangi za maji. Swali ni jinsi ya kupima kama mbili hizo zimeshikana kweli.

Wanaotetea uchambuzi wa molekuli husema kwamba resini hizo zisipounganishwa kikemia zitatengana, na utando utakuwa na ukungu na sehemu laini. Wana hoja. Ila kipimo wanachokitegemea sana, kromatografia inayopanga molekuli kwa ukubwa, husoma kile tu kilichoyeyuka. Jeli, ambamo minyororo imefungamana zaidi, huchujwa kabla ya kipimo kuanza. Ni kama kukadiria samaki wa Ziwa Victoria kwa dagaa waliopenya wavu wa sangara, huku sangara wenyewe hawajahesabiwa.

Kuna tatizo kubwa zaidi. Alkidi hukauka kwa sababu oksijeni ya hewani hushambulia sehemu zenye vifungo maradufu kwenye mafuta yake, na akriliki hujipandikiza, yaani hujifunga kikemia kwenye alkidi, katika sehemu hizo hizo. Kwa hiyo kiwango kikubwa cha upandikizaji, ambacho ripoti nyingi hukisifu, kinaweza kumaanisha kwamba chakula cha oksijeni kimeliwa mapema kiwandani, na utando ukabaki ukinata kidoleni siku kadhaa baada ya kupakwa.

Wengine huona afadhali kupaka vibao na kuviacha ufukweni, vilowe na kukauka juani. Njia hiyo ni ya kweli kwa mtumbwi unaoburuzwa mchangani, hasa kwa kuwa sabuni inayoshikilia chembe hubaki kwenye utando na kuvuta maji, jambo ambalo jedwali la molekuli halilioneshi. Lakini kibao huchukua miezi, na kikibabuka hakisemi kosa lilikuwa wapi. Mimi ningeanza na kipimo cha sumaku kinachosoma viini vya hidrojeni, nihesabu vifungo maradufu vilivyosalia kabla ya kuuliza asilimia ya upandikizaji, kisha nipeleke Kirumba zile sampuli tu zilizobakiwa na vya kutosha.