Kocha wa nafasi ya sita na kocha wa mkiani: Birmingham, Wednesday na maamuzi ya Oktoba 2023

Tarehe 4 Oktoba 2023 Sheffield Wednesday walimtimua Xisco Muñoz. Siku tano baadaye Birmingham City nao wakamfuta kazi John Eustace. Klabu zote mbili zilikuwa Championship, daraja la pili la soka la England, na zote zilileta kocha mpya wakati wa mapumziko yale yale ya mechi za kimataifa. Msimamo wao ndio uliokuwa mbali kama mbingu na ardhi. Baada ya mechi 11 Birmingham walikuwa na pointi 18 na wanashika nafasi ya sita, nafasi ya mwisho iliyokuwa inakupa tiketi ya mechi za mchujo wa kupanda Ligi Kuu. Wednesday walikuwa na pointi tatu na wanaburuza mkia.

Mei 2024 hesabu ilipofungwa, Wednesday walikuwa na pointi 53 na wamebaki. Birmingham walikuwa na 50 na wameshuka League One, daraja la tatu, ambalo mara ya mwisho walilicheza msimu wa 1994/95.

Wanaopinga kubadili kocha katikati ya msimu wanaitaja Birmingham kila siku, na wanaounga mkono wana Wednesday yao. Mimi naona swali lenyewe linaulizwa vibaya. Kabla ya kuuliza kama kubadili kocha kunasaidia, tujue kwanza kocha anaondolewa ili kutibu ugonjwa gani. Wednesday walikuwa na ugonjwa unaoonekana kwa macho. Birmingham walianza kutibu kitu ambacho timu haikuwa inaumwa.

Tuwatendee haki wamiliki wa Birmingham, kwa sababu hadithi yao imegeuzwa kuwa ya matajiri wajinga wa Kimarekani na basi. Kampuni ya Knighthead, chini ya Tom Wagner, ilichukua usukani Julai 2023 baada ya miaka mingi ya klabu kuyumba kifedha na kunusurika kushuka karibu kila msimu. Agosti wakamtangaza Tom Brady, nyota wa zamani wa soka la Kimarekani, kuwa mwenye hisa chache. Walikuta kocha ambaye hawakumchagua wao. Kikosi cha Eustace kilicheza kwa nidhamu, kikijipanga nyuma na kushambulia kwa kushtukiza. Septemba yote hakikushinda: mechi tano, sare mbili, vipigo vitatu, na katika vipigo vya Watford na Norwich hakikupata hata bao. Mtu aliyeikagua timu tarehe 1 Oktoba angeweza kusema kwa haki kabisa kwamba kasi ya Agosti imekwisha.

Ila Oktoba 3 Birmingham wakaifunga Huddersfield 4-1, na tarehe 6 wakaichapa West Bromwich Albion, majirani zao, 3-1. Siku tatu baada ya ushindi huo wa watani Eustace akaambiwa afungashe virago. Taarifa ya klabu ilizungumzia mawazo ya ushindi na utamaduni wa kuthubutu, na mtendaji mkuu Garry Cook alikuwa akihubiri soka lisilo na woga. Tarehe 11 Oktoba akatambulishwa Wayne Rooney kwa mkataba wa miaka mitatu na nusu.

Hapa ndipo ninapokataa kabisa. Mmiliki ana haki ya kutaka soka la aina yake, na ana haki ya kutaka kocha wake. Lakini dirisha la usajili lilifungwa Septemba 1 na lisingefunguliwa tena hadi Januari. Wachezaji waliokuwepo walisajiliwa kwa mpango wa Eustace. Ukileta kocha Oktoba na kumwambia abadili namna ya kucheza, unamwambia aifanye kazi hiyo kwa watu walioletwa kufanya kazi nyingine, huku mechi zinakuja Jumamosi na Jumanne, hakuna muda wa mazoezi wa maana. Championship ina mechi 46. Ni ligi isiyokupa nafasi ya kujifunza polepole.

Rooney alitaka timu ikabe juu, karibu na lango la wapinzani, na ianze kujenga mashambulizi kwa pasi kutoka kwa kipa. Alifungwa na Middlesbrough, akafungwa nyumbani na Hull 2-0, akafungwa na Southampton. Mashabiki walianza kuzomea mapema mno, na unaweza kuwaelewa, maana wiki mbili tu nyuma walikuwa wakiangalia juu ya jedwali. Alipoondoka Januari 2, 2024, siku moja baada ya kipigo cha 3-0 kutoka kwa Leeds, alikuwa na mechi 15: ushindi mara mbili, sare nne, vipigo tisa. Pointi 10. Birmingham walikuwa wa 20.

Katika taarifa yake ya kuaga, Rooney alisema wiki 13 hazikutosha kufanya mabadiliko yaliyohitajika. Wengi walimcheka, lakini hoja yake ina uzito ukiitazama Wednesday wakati huo huo. Danny Röhl, kocha mpya wa Wednesday, Mjerumani mwenye miaka 34 aliyewahi kuwa msaidizi wa kocha Hansi Flick katika klabu ya Bayern na timu ya taifa ya Ujerumani, hakuwa amewahi kuwa kocha mkuu. Katika mechi zake sita za kwanza alipoteza tano, ikiwemo 4-0 nyumbani mbele ya Millwall. Ya sita kati ya hizo ilikuwa St Andrew's, uwanja wa Birmingham, Novemba 25, na aliyemfunga 2-1 ni Rooney. Siku ile Wednesday walikuwa na pointi sita katika mechi 17. Ukihesabu mechi sita za kwanza za kila mmoja, Rooney alikuwa na pointi nne na Röhl tatu. Kwa hiyo mtu aliyesema Novemba kwamba Röhl ni kosa na Rooney apewe muda alikuwa na takwimu mkononi.

Kwa nini basi mmoja alipona na mwingine akazama? Sehemu ni uwezo wa kufundisha, sioni sababu ya kulizunguka hilo. Sehemu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mahali walipoanzia. Röhl alipokea kikosi ambacho hakikuwa na la kupoteza. Wachezaji walijua kilichokuwepo hakifanyi kazi. Kocha mpya akisema tukimbie zaidi, tukabe hivi, hakuna wa kumuuliza kwa nini. Rooney alipokea chumba cha kubadilishia nguo kilichotoka kushinda mechi mbili kwa mabao saba. Kila alipopoteza, wachezaji wale walikuwa na kumbukumbu ya juzi ya kitu kilichokuwa kinafanya kazi. Huo ni mzigo ambao hata kocha bora kuliko Rooney angeutolea jasho.

Wapo wanaosema Wednesday wangejiinua tu, kocha mpya au wa zamani. Hoja hii si ya kupuuzwa. Mwaka 2003 wachumi wawili, Allard Bruinshoofd na Bas ter Weel, walichapisha utafiti kuhusu soka la Uholanzi wakilinganisha timu zilizofukuza makocha baada ya kuporomoka na timu zilizoporomoka vivyo hivyo lakini zikawavumilia. Zote zilirudi juu, na zilizovumilia hazikuchelewa. Timu inapofika chini kabisa, mara nyingi sehemu ya balaa hilo ni bahati mbaya, na bahati mbaya haidumu. Lakini Röhl na benchi lake walivuna pointi 50 katika mechi 35 zilizobaki. Kwa kasi hiyo, msimu mzima ungewapa pointi zaidi ya 60, na hizo ni za timu ya katikati ya jedwali. Sioni namna ya kuziandika zote kwa jina la bahati, hasa kwa kikosi kilichopata sare tatu tu katika mechi 11 za mwanzo.

Turudi Birmingham, kwa sababu kuna ukweli mmoja ambao sisi tunaomtetea Eustace hatuupendi. Baada ya Rooney kuondoka zilibaki mechi 20, muda wa kutosha kabisa kujiokoa. Tony Mowbray alikuja Januari 8 na timu ikaanza kupumua. Februari waliifunga Blackburn 1-0, kisha Sunderland 2-1. Halafu Mowbray akaugua na kulazimika kuachia kazi kwa matibabu. Msaidizi wake Mark Venus alishika timu kwa mechi sita akapata pointi moja. Machi klabu ikamwita Gary Rowett amalizie mechi nane, akaleta pointi 11. Ukizijumlisha zote, Birmingham bila Rooney walipata pointi 22 katika mechi 20, kasi ya timu inayopigania kutoshuka. Anayetaka kumtwika Rooney peke yake lawama zote lazima aeleze hesabu hiyo. Inawezekana pia kwamba zile pointi 18 za mwanzo ziliipamba timu kuliko ilivyokuwa, na kwamba Eustace mwenyewe angeporomoka kufikia Krismasi.

Inawezekana. Ila kutoka sita bora hadi 18 au 17 ni kuporomoka kwa kawaida, na msimu uliotangulia Eustace alimaliza wa 17. Kutoka sita bora hadi 22, nafasi ya kushuka, kunahitaji msaada. Zaidi ya hapo, ugonjwa wa Mowbray uliiumiza Birmingham kiasi kile kwa sababu akiba ilikuwa imekwisha kuliwa. Timu iliyovuna pointi 10 katika mechi 15 haina pa kujishikiza msiba wa pili unapokuja.

Mei 4, siku ya mwisho, ndiyo inayoonyesha jinsi uzi ulivyokuwa mwembamba. Birmingham waliwakaribisha Norwich wakijua ushindi pekee hautoshi. Plymouth, waliokuwa pointi moja juu yao, walikuwa nyumbani dhidi ya Hull, na Joe Edwards alikuwa ameshawapa bao kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili Paik Seung-ho akawafungia Birmingham, St Andrew's ikalipuka, na watu wakabaki na simu masikioni wakisubiri Hull wasawazishe. Hawakusawazisha. Wednesday walishinda 2-0 ugenini kwa Sunderland. Blackburn walishinda 2-0 kwa mabingwa Leicester. Birmingham walishinda mechi yao na bado wakashuka, pointi moja nyuma ya Plymouth.

Na kocha wa Blackburn siku ile alikuwa nani? John Eustace, aliyechukua timu hiyo Februari ikielekea pabaya. Plymouth nao walikuwa wamemwondoa Ian Foster Aprili 1, zikiwa zimebaki mechi sita, wakampa timu mkurugenzi wao wa soka Neil Dewsnip. Maana yake ni kwamba timu tatu zilizomaliza moja kwa moja juu ya Birmingham zote zilibadili kocha ndani ya msimu ule ule. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema kubadili kocha katikati ya msimu ni kosa siku zote. Nottingham Forest msimu wa 2021/22 walikuwa na pointi moja katika mechi saba chini ya Chris Hughton. Wakamleta Steve Cooper na Mei wakapanda Ligi Kuu baada ya miaka 23. Aston Villa, watani wa Birmingham na timu aliyokuja kuichezea Mbwana Samatta, walimwondoa Steve Bruce Oktoba 2018, na Dean Smith akawapandisha msimu huo huo.

Forest walikuwa mkiani. Villa walikuwa katikati ya jedwali wakiwa na kikosi ghali, na uwanja ulikuwa umeshamchoka Bruce. Katika mifano yote hiyo, shabiki wa kawaida angeweza kukueleza kwa sentensi moja kwa nini kocha ameondoka. Birmingham, Oktoba 2023, shabiki alitoka kuishangilia timu Ijumaa usiku, na Jumatatu akaambiwa haina mawazo ya ushindi.

Kuna wanaosema leo kwamba yote yalikuwa heri. Msimu wa 2024/25 Birmingham walitwaa League One kwa pointi 111, rekodi ya ligi za soka za England kwa msimu wa mechi 46. Nawapongeza kwa moyo wote, lakini mafanikio yale hayasafishi Oktoba. Yalilipiwa kwa fedha ambazo klabu nyingine ya daraja la tatu haiwezi kuzigusa. Jay Stansfield peke yake, aliyekuwa kwa mkopo msimu wa kushuka, alinunuliwa kutoka Fulham kwa ada iliyovunja vibaya rekodi ya ligi hiyo. Klabu ya kawaida ikifanya kosa kama lile inakaa daraja la tatu miaka mitano, kumi.

Tena ukiichunguza 2024/25 unaona ushahidi dhidi ya uamuzi wa Oktoba. Aliyewapandisha, Chris Davies, anacheza soka la kumiliki mpira na kukaba juu, kwa maneno mengine lile lile ambalo wamiliki walilitaka kwa Rooney. Davies aliteuliwa Juni. Alipewa maandalizi ya msimu, dirisha zima la usajili na wachezaji zaidi ya kumi wanaofaa kwa mpango wake. Eustace angeweza kumaliza msimu wake, wa 10 au wa 14, kisha wakaagana naye kwa heshima, na Davies huyo huyo akaanza kazi Juni ile ile akiwa Championship.