Saa 12 kwa wiki: mimba na meza ya upasuaji

Hesabu ya wanawake mabingwa wa upasuaji ikitajwa, hoja mbili hukutana. Moja husema kazi hii haimwonei mtu huruma: mgonjwa aliyetoboka utumbo saa nane usiku hamngojei daktari anayenyonyesha. Nyingine husema kosa liko katika namna kazi ilivyopangwa. Utafiti uliochapishwa 2016 katika nchi za COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao yake Arusha, ulihesabu mabingwa 1,690, pungufu ya 1 kwa kila watu 100,000. Wanawake walikuwa asilimia 9.

Hoja ya kwanza ina uzito. Hospitali yenye wapasuaji wawili ikimruhusu mmoja likizo ya uzazi, siku 84 kwa sheria ya Tanzania, zamu zote humwangukia aliyebaki, na henia zilizopewa tarehe huahirishwa. Mkono nao hunolewa kwa kurudia. Mwanafunzi wa ubingwa aliyekosa miezi mitatu amekosa matumbo ambayo kitabu hakiwezi kumfungulia.

Ila wengi wakishasema hivyo huteleza hadi kwenye uwezo wa wanawake, na hapo takwimu zinawakatalia. Ontario, Kanada, kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni 1 waliopasuliwa kati ya 2007 na 2019 zilionyesha waliohudumiwa na wanawake walipata madhara machache kidogo ndani ya mwaka 1.

Kinachowachosha wapasuaji wanawake kinaanzia stoo. Glovu zinazoagizwa kwa wingi ni namba 7 na nusu na 8. Mikono ya wanawake wengi ni 6 au 6 na nusu. Glovu ikipwaya hukunjamana ncha za vidole, uzi hunasa kwenye mikunjo wakati wa kufunga fundo, na mshipa haupapasiki vizuri. Katika upasuaji wa matundu, unaofanywa kupitia matundu madogo bila kufungua tumbo, vyuma virefu huinua vishikio, kwa hiyo meza inatakiwa ishuke hadi mikono ikae usawa wa kiwiko. Ikipimwa kwa bingwa mrefu, aliye mfupi atainua mabega muda wote wa upasuaji. Akipewa kigoda, kanyagio la diathermi, mashine ya umeme ya kukata na kuzuia damu, hubaki sakafuni. Vinahitajika vigoda viwili, kimoja cha kanyagio. Aproni ya madini ya risasi, inayovaliwa kukinga eksirei, ikiwa na tundu pana la kwapa huacha wazi sehemu ya juu ya titi upande wa nje, ambako saratani nyingi za matiti huanzia. Dawa yake ni kipande cha ziada cha kufunika kwapa.

Mimba ndiyo nzito kuliko yote. Utafiti wa Marekani wa 2021 uliwauliza wapasuaji wanawake 692: asilimia 42 walishapoteza mimba. Matatizo makubwa ya ujauzito yaliwapata asilimia 48, dhidi ya 27 ya wenza wa wapasuaji wanaume. Umri ulipozingatiwa, tofauti haikufutika. Ni dodoso, kweli, na huenda aliyeumia ndiye aliyekuwa na hamu ya kujibu. Lakini ndani yake mna kipimo kinachoweza kutumika kesho asubuhi: waliopasua saa 12 au zaidi kwa wiki katika miezi 3 ya mwisho walikuwa hatarini zaidi. Saa 12! Hizo ni siku mbili za kawaida za upasuaji wa kupangwa. Ongeza usiku mmoja wa zamu wenye utumbo uliojisokota na ajali ya bodaboda, mwanafunzi wetu atakuwa amezipita kabla ya Jumatano, amesimama, bila maji, mkojo umembana.

Kwa hiyo pengo la wafanyakazi, ambalo upande wa kwanza unalitaja kwa haki, linapangika. Mimba ya wiki 12 humpa mkuu wa idara miezi 6 ya kupanga. Mpasuaji aliyevunjika mguu hampi hata siku moja, na idara humzibia pengo bila kuhoji nafasi yake. Kuanzia wiki ya 28 saa za mezani zishuke chini ya 12, zamu za usiku zisimame, naye achukue kliniki, wodi na kufundisha wanafunzi. Akirudi, sheria inampa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Aanze na upasuaji mfupi, apumzike kabla ya mrefu. Na mafunzo yake, miaka 5 kwa njia ya COSECSA, yarefushwe kwa idadi ya upasuaji uliopungua kwenye daftari anamoorodhesha upasuaji wake, hata kama upungufu huo utazibika kwa wiki sita tu, badala ya kumrudisha mwaka mzima nyuma kwa sababu mtihani ulimkuta leba.