Hati za Dunhuang: Ziliokolewa au Ziliporwa?

Mwaka 1900, Wang Yuanlu, mtawa wa dini ya Kitao, aligundua chumba kilichozibwa katika mapango ya Mogao, karibu na Dunhuang, kaskazini-magharibi mwa China. Chumba hicho kidogo kilisheheni makumi ya maelfu ya hati zilizofungiwa humo tangu karne ya 11: sutra (maandiko matakatifu) za Kibudha kwa Kichina, Kitibeti na Kisanskriti, pamoja na maandiko ya Kitao, ya wafuasi wa Mani, nabii wa Uajemi ya kale, na ya Wakristo wa Kanisa la Mashariki.

Mwaka 1907 mwanaakiolojia wa Uingereza Aurel Stein alimlipa Wang takriban pauni 130, akaondoka na masanduku 24 ya hati yaliyoishia Uingereza. Mwaka uliofuata Mfaransa Paul Pelliot, ambaye, tofauti na Stein, alikijua Kichina, alichuchumaa humo kwa mwanga wa mshumaa, akapekua gombo baada ya gombo na kuchukua yaliyo bora.

Wanaowatetea wawili hawa wana hoja nzito. Wang alikwisha kuwaarifu maofisa wa nchi yake, nao wakaishia kumwamuru akifunge chumba. Na hati zilizosalia zilipopelekwa Beijing mwaka 1910, nyingi ziliibwa njiani. Hutaja pia Sutra ya Almasi iliyoko London, iliyochapwa mwaka 868, ambayo maandishi yake ya mwisho yanaeleza kwamba mtu aitwaye Wang Jie aliigharimia kwa niaba ya wazazi wake wawili ili igawiwe watu wote bure. Mtu aliyetoa sadaka ya namna hiyo, wanasema, angefurahi kuona picha za sutra hiyo zikisomwa kwenye intaneti popote duniani.

Hata hivyo, mtawa Wang alikuwa mlinzi aliyejitwika kazi hiyo mwenyewe, wala hakuwa na mamlaka ya kuuza. Ndiyo maana hati zilipelekwa hemani kwa Stein usiku, kwa siri. Wala Ulaya haikuwa salama kama inavyodaiwa, kwani michoro mikubwa ya Kibudha ambayo Wajerumani waliikata kutoka mapango ya Bezeklik, pia kaskazini-magharibi mwa China, iliteketea kwa mabomu mjini Berlin wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Kwangu mimi, hasara kubwa zaidi ni mtawanyiko. Vipande vya gombo moja huweza kuwa katika nchi mbili tofauti, na picha, hata iwe safi namna gani, haimwezeshi mtaalamu kuilinganisha karatasi, wino na mshono kwa mkono wake. Kwa hiyo urejeshaji, au walau mkopo wa muda mrefu, ungeanza na magombo ambayo sehemu zake nyingine tayari zimehifadhiwa China.