Siku Niliyomng'ata Kichwa Mwanakondoo wa Pasaka

Kwa kuwa shemeji yangu amekwisha kusambaza katika kundi la ukoo ujumbe wa sauti unaodai kwamba nilitafuna sanamu ya kanisani, nalazimika kueleza yaliyonipata Jumamosi hapa Buffalo, Marekani, kabla habari haijamfikia mama mkwe. Haikuwa sanamu. Ilikuwa siagi.

Jirani yetu, bibi mwenye asili ya Poland, alituomba tumbebee kikapu hadi kanisa la Mtakatifu Stanislaus, parokia iliyoanzishwa mwaka 1873, ili vyakula vyake vibarikiwe: mayai ya rangi, soseji, mkate na chumvi. Vyakula hivyo haviguswi mpaka asubuhi ya Pasaka, jambo ambalo sasa nalijua vizuri sana. Njiani tulipitia Broadway Market, soko lililopo tangu 1888, naye akaniachia kikapu akapange foleni ya chrzan, ule mzizi mkali unaosagwa papo hapo hadi macho yanachuruzika machozi.

Ndani ya kikapu alikuwamo mwanakondoo mdogo, mwenye utepe mwekundu shingoni na bendera mgongoni. Nikajiaminisha kwamba ni chokoleti nyeupe. (Sikuwa nimekula tangu alfajiri, msinihukumu.)

Nilianza kwa kulamba sikio. Kisha nikaingiza kichwa chote kinywani, nikang'ata. Hakikukatika kama chokoleti ikatikavyo. Meno yalizama taratibu, siagi ikajaza mashavu, ikapanda hadi kwenye kaakaa, ikagandamana hapo. Katikati ya utelezi huo kitu kikalia kwa! Lilikuwa jicho, punje nzima ya pilipili manga. Kutema mbele ya umati ule niliona haya, kumeza koo lilikataa, basi nikasimama nimefumba mdomo huku mafuta yakiteremka kidevuni, na hapo ndipo bibi alipogeuka.

Alinitazama, akamtazama kondoo, akaomba kipande cha mkate kwa muuzaji wa jirani, akanipa.

“Siagi huliwa na mkate, mwanangu.”

Shingo ilifunikwa kwa yai jekundu, padri akanyunyiza maji ya baraka bila kuuliza, tukarudi nyumbani. Jumatatu ya Pasaka ilikuwa Dyngus Day, siku ambayo watu wa hapa hurushiana maji na kuchapana kwa vitawi, nami nikaloweshwa na watoto wanne nisiowajua, wote wakilia “meee!” Nyuma yao alisimama shemeji, simu mkononi, akirekodi.